Viazi Ulivyofukia Jioni Ile

Mama Riziki wangu,

Leo asubuhi nimekunywa chai nimesimama. Najua, najua. Ungekuwepo ungenisogezea kigoda kwa mguu na kuniuliza, "Weye, iko na safari?" Sina safari yoyote. Ni kwamba mtu akikaa peke yake mbele ya kikombe na kipande cha mkate, anasikia jinsi anavyotafuna, na mimi sauti hiyo imenichosha. Kwa hiyo nasimama mlangoni, natazama ua, nakunywa haraka haraka, halafu nasuuza kikombe kimoja. Kimoja! Na wewe ndiye uliyekuwa unalalamika kwamba kila asubuhi nyumba hii inachafua vyombo kama nyumba ya harusi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu Jumapili iliyopita nimeambiwa jambo lililokuwa limefichwa tangu siku ulipoondoka, na sioni mwingine wa kumwambia. Binti yetu nimempigia simu huko Lubumbashi, lakini mtandao ulikatika kabla sijafika penyewe, na nikaona ni afadhali. Jambo lenyewe linahusu viazi. Usicheke. Nitaanza mbali kidogo, maana unanijua, mimi siwezi kufungua moteri ya mtu bila kwanza kuuliza ilianza lini kukohoa.

Unakumbuka nilivyopanda Bijombo, milimani kwenu? Nilikuwa kijana wa ziwa, fundi wa moteri za mitumbwi, nimeitwa kwenda kutengeneza mashine ya kusaga mahindi iliyowashinda watu. Nilitembea siku mbili na mfuko wa vifaa mgongoni, nikafika kwenu nimeganda. Baba yako akanipa mahali pa kulala. Asubuhi, ukungu umefika mpaka mlangoni, ukaingia wewe na sinia. Juu yake kulikuwa na kikombe kikubwa cha maziwa, bakuli la maharagi, na vitu vyeusi vitatu kama mawe ya njiani. Nikakuuliza kwa heshima zote hivyo ni nini.

"Ni viazi."

"Vimetoka wapi?"

"Mu majivu."

Nikadhani mnanijaribu. Kwetu Rugenge kinachotoka majivuni kinakwenda shimo la takataka. Ukachukua kimoja, ukakipasua kwa vidole bila kuogopa kuungua, mvuke ukatoka, na ndani kulikuwa kweupe kabisa. "Kula kwanza," ukasema. "Maneno tutaongea nyuma." Nilikula vyote vitatu nikalamba na vidole. Tangu siku ile hukuwahi kunipa viwili wala vinne. Vitatu vyangu na viwili vyako, vitano vinalala jikoni, mwaka baada ya mwaka. Wala hukuwa unahesabu. Mkono wako ulikuwa umeshazoea.

Sababu ulinieleza baadaye, tukishuka pamoja, ukiwa umeshakuwa mke wangu na mama yako amelia mpaka sauti imemkauka. Ulisema kule juu baridi haina huruma, kwa hiyo kila nyumba inawasha moto mkubwa jioni, na moto ukizima, majivu yanabaki na joto mpaka kunakucha. "Joto ile utaipeleka wapi?" uliniuliza. Ndiyo mnafukia viazi. Asubuhi mtu anatoka kukamua ng'ombe, vidole vimekufa ganzi, anafukua kiazi chake, anakishika kwanza mikononi kabla ya kukipeleka mdomoni. Nilikusikiliza nikaona ninyi watu wa milimani mna akili. Sikukuambia, ungejisifu njia nzima mpaka Uvira.

Halafu ukaja kukutana na maji ya mama yangu. Maskini wewe! Hakuna aliyekuwa amekuonya. Mama, Mungu amrehemu, alizaliwa Nyakabere huko bonde la Ruzizi, lakini alikuwa ameishi Rugenge miaka mingi na alikuwa ameshika desturi za pwani ya ziwa. Na desturi ya huku, unaijua sasa, ni kumwagia maji mafiga kabla ya kulala. Upepo wa ziwa ukiamka usiku na nyumba zimebanana, cheche moja inaweza kula mtaa. Usiku wako wa kwanza ulifukia viazi vya kwetu sisi wote. Mama, aliyekuwa wa mwisho kuingia ndani, akamwaga beseni zima.

Asubuhi nilikukuta umechuchumaa jikoni, kiazi kibichi mkononi, matope mpaka kwenye viwiko, unalia. Mama akasimama mlangoni na kitenge chake cha kulalia. "Ee, mutoto wa watu analilia viazi?" akauliza. Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Hapana viazi, mama. Nilisema asubuhi ya kwanza nitawalisha." Mama aliingia, akawasha moto upya, akapasha maharagi yake ya jana, na akakuwekea wewe kwanza, kabla yangu. Nilinuna. Siku hiyo hiyo nilikata kipande cha pipa, nikakikunja kingo, nikakitia mpini, kikawa mfuniko wa kufunika majivu yako ili upepo usiyapate wala mama asiyapate. Mfuniko ule bado upo. Ndio unaonikwaza kila nikiingia jikoni.

Kwa hiyo nyumba yetu ikawa na asubuhi tatu, na kelele zake. Mimi nilikuwa na ya baba yangu, ya wavuvi. Mitumbwi inarudi kunapopambazuka, taa bado zinawaka, wanaume wamevuta nyavu tangu giza lilipoingia na hawajatia kitu tumboni. Anayefika hivyo hutampa chai. Unampa bugali wa muhogo unaotoa moshi, na ndagala waliotoka majini sasa hivi, wamepikwa na mawese, nyanya na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Halafu analala. Watu wakasema ndicho chakula cha asubuhi cha Uvira, na hata karani ambaye hajawahi kushika kasia anakula hivyo kabla ya kwenda ofisini, eti mila. Wewe ulikunja uso. "Samaki asubuhi? Minye sitaweza." Uliweza baada ya wiki tatu. Nilikuona ukiramba sahani nyuma ya nyumba, nikanyamaza.

Mama naye na bonde lake. Kwao Nyakabere watu walikuwa wanatoka kwenda kwenye mpunga kabla jua halijaamka, maana jua la Ruzizi likishakupanda mgongoni hulimi tena. Nani atakaa kuwasha moto saa hizo? Maharagi yanapikwa jioni sufuria kubwa, yanalala, asubuhi yamekuwa mazito kama udongo wa kufinyangia, yanakatwa kwa mwiko, yanaliwa na muhogo wa kuchemsha au bugali baridi. Mama aliapa kwamba maharagi yaliyolala ndiyo yenye nguvu, ya jioni ile ile ni ya wagonjwa. Ukimwambia viazi vyenu vya majivu pia vinalala, alikuwa anafoka, "Biko binalala lakini habipumziki!" Mlicheka wote wawili mpaka mkashikana mabega, na mimi nikabaki naangalia kama mgeni nyumbani kwangu.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Sufuria zote tatu uani, na wifi yako Feza, mdogo wangu, anapita kabla ya misa kuja kuonja kila kitu na kusema hajashiba. Tunabishana chakula cha asubuhi cha nani kilianza. Mama anasema binadamu wa kwanza alikuwa mkulima, kwa hiyo maharagi. Mimi nasema Yesu mwenyewe aliwapikia wavuvi samaki asubuhi ufukweni, na imeandikwa, nani atanipinga? Wewe ulikuwa unasubiri tumalize, halafu unasema taratibu, "Moto ulikuwako mbele ya sufuria." Hapo mama anashika mwiko, tunakula. Nilirudi siku moja kutoka Bujumbura kununua vipuri, nimekula chapati na chai ya maziwa mgahawani, nikawasifia. Mlinitazama nyote watatu kama mtu aliyebadili dini.

Naandika haya na ua uko mbele yangu, Mama Riziki. Kuna mbabula moja ya makaa na birika. Basi.

Sasa nifike kwenye jioni ile. Sipendi, lakini barua hii haitakwisha bila hiyo. Mama alikuwa ameshatangulia, Riziki ameolewa na kwenda zake, tulikuwa tumebaki wawili. Tumbo lilikuwa limekuuma tangu mchana na ukanificha. Jioni nilipoona umeegemea ukuta, nilikimbia kuita pikipiki. Nikarudi, nikakuta umepiga magoti mbele ya mafiga, mkono mmoja umeshika ubavu, mwingine unafukua majivu. Nilikupigia kelele nikiwa kule langoni. Kweli nilikupigia kelele! "Wacha hayo majivu, mtu anangoja!" Hata hukugeuka. Ulisema, "Asubuhi itafika tu." Ukaweka mfuniko, ukaushindilia kwa kiganja kama kawaida yako, ukanyoosha mkono nikuinue.

Yaliyotokea hospitalini unayajua wewe kuliko mimi. Madaktari walijitahidi. Kabla ya kupambazuka ulikuwa umekwenda. Mimi nilibaki nimeshika mkono wako, sitaki kuuachia, na Feza, aliyekuwa amekesha na sisi, akarudi nyumbani kutayarisha ua kwa ajili ya watu wa matanga. Ndugu zako hawakuweza kushuka kutoka Bijombo, njia unajua ilivyo siku hizi. Tulikuzika bila mtu hata mmoja wa kwenu, na hilo ni donda jingine, nitakuandikia siku nyingine.

Siku ya pili baada ya mazishi nikakumbuka viazi. Nikaingia jikoni. Mafiga yalikuwa yamesogezwa kupisha sufuria kubwa za watu, majivu hayapo, pamefagiliwa pakang'aa. Nikamwita Feza. "Viazi vya mke wangu viko wapi?" Akaangalia chini. "Nilitupa na majivu, yaya." Hata siku ile aliniita yaya, kaka yake mkubwa.

Ewe Mama Riziki, sijui maneno yale niliyatoa wapi. Watu waliokuwa wamekaa uani waligeuka wote kututazama. Nilimwambia ametupa chakula cha mwisho cha mke wangu kama uchafu wa kuku. Nilimwambia yeye ni mtoto wa pwani, hajui majivu, angalau angeuliza. Nilimwambia asiguse tena kitu ndani ya nyumba hii. Naye alifunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Tangu siku ile, mwaka umepita na miezi juu yake, sikumfungulia. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na kisufuria cha ndagala, akabisha hodi, akasema, "Yaya, ni minye," akangoja, akakiacha kizingitini. Kila Jumapili nilikaa ndani kimya mpaka nisikie lango. Chakula niligawa kwa majirani. Kisufuria nilikiacha pale pale kizingitini kikiwa kimeoshwa, akichukue mwenyewe. Ndiyo, ni roho mbaya. Wewe ungenisema.

Lakini nilikuwa na sababu yangu, nikawa nayo kila siku. Nilijiambia: alifukia viazi vitano. Vitatu vyangu, viwili vyake. Mtu anayejifukilia viwili vyake anajua asubuhi atakuwa nyumbani. Kwa hiyo hukuogopa. Hukuenda na hofu, ulikwenda kama mtu anayekwenda kutibiwa na kurudi, na kifo kilikukuta hujui. Nilimwambia Riziki hivyo kwenye simu, nikawaambia na watu wa kanisani. "Alikuwa anarudi, alifukia na vyake." Lilikuwa ndilo tonge langu la asubuhi hilo, sikuwa na jingine. Na kwa kuwa Feza ndiye aliyetupa ushahidi huo shimoni, nilimchukia kwa moyo wote.

Jumapili iliyopita, basi, niliamka nikasema leo nitakula kama mtu. Jumamosi nilikuwa nimeona sokoni viazi vilivyoshuka kutoka milimani, vina udongo mweusi wa kwenu, na nikanunua bila kufikiri. Jioni ile ile nikawasha kuni kwenye mafiga, mara ya kwanza tangu uondoke. Nikafukia. Miaka yote nimekula viazi vyako, sikuwahi kukuangalia unavyovifukia! Fundi mzima. Niliviweka juu ya makaa, nikarundika majivu, nikaweka mfuniko, nikalala nimejipongeza. Asubuhi nikafukua mkaa. Upande wa chini mkaa, upande wa juu mbichi. Nilikaa pale chini nikiwa nimeshika kimoja, na nikakukumbuka vile ulivyochuchumaa na matope yako, na nikaanza kulia kwa sauti, mzee mimi, mchana kweupe.

Ndivyo Feza alivyonikuta. Alikuwa amefika kutoka misa, hakupata jibu mlangoni, lakini alisikia, akazunguka nyuma ya nyumba. Alisimama pale na kisufuria chake.  Aliangalia mafiga, akaangalia viazi, akaweka kisufuria chini.

"Hapana vile, yaya," akasema. "Umeweka moto chini. Yeye alitandikaka majivu ya baridi chini, viazi juu yake, tena majivu ya moto, na makala ndogo ndogo juu kabisa. Na aliviachanisha. Bisigusane."

Nikajifuta uso. Kwanza nilitaka kumfukuza. Halafu lile alilosema likanifikia.

"Unajuaje?" nikamuuliza. "Wewe hukuwahi kulala hapa tangu nioe. Unajuaje vilivyolala?"

 Akashika ncha ya kitenge akaanza kuikunja, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kitu cha mama.

"Niliona vile bilikuwa bimelala."

"Ukaona, na bado ukavitupa."

"Sikutupa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Minye nilibikula."

Alivila, Mama Riziki. Alikaa chini hapo hapo majivuni, na sketi yake ya kanisa, akaniambia yote. "Nilikuacha ku opitali, umemushika mukono. Nilikuya kutengeneza nyumba mbele watu bafike. Toka jana yake sikuwa nimekula kitu. Nikafungua ule mufuniko nisafishe, nikasikia harufu. Bilikuwa bingali moto, yaya. Moto! Yeye alikuwa amekwisha kuwa baridi, na viazi vyake biko moto. Nilikaa, nikakula, nikalia. Kisha nikapata haya. Maiti haiyafika nyumbani, na minye nimeshiba. Njo maana uliponiuliza nikasema nilitupa. Nilisema utanikasirikia siku mbili tatu."

Sikujua nishike lipi. Mwaka mzima na zaidi alibeba aibu ya kutupa ili asiseme aibu ya kula. Na mimi, nikuambie ukweli, cha kwanza nilichosikia kifuani kilikuwa wivu. Alionja mkono wako mara ya mwisho, yeye, na siyo mimi. La pili ni swali, likanitoka bila kufikiri.

"Vyote vitano?"

Akanitazama. "Bitano gani? Bilikuwa bitatu."

"Vitano, Feza. Siku zote vitano."

"Yaya, nilibitoa na mikono yangu. Nilitafuta na ndani ya majivu, sababu njaa ilikuwa ingaliko. Bilikuwa bitatu tu."

Nilimfanya arudie. Nilimwambia afikiri vizuri, labda kimoja kilibingirika, labda panya. Akarudia kwa upole, bitatu, na kila aliporudia nilikuwa nasikia kama mtu ananivua koti kwenye baridi. Maana vitatu ni vyangu. Viwili vyako havikuwepo. Hukuvifukia.

Kwa hiyo ulijua. Sijui ulijua nini hasa. Labda ulijua tu kwamba utalazwa, kwamba asubuhi itanikuta nimerudi nyumbani peke yangu kuchukua nguo zako, na tumbo tupu. Labda ulijua zaidi ya hapo. Hutaniambia tena. Lakini ulipiga magoti na maumivu yale, ukaacha vyako, ukafukia vyangu, na mimi niko langoni nakupigia kelele. Mwaka mzima na zaidi nimejifariji kwa viazi viwili ambavyo havikuwepo, na vile vitatu vilivyokuwepo sikurudi kuvila.

Nililia tena, Feza akalia, na majirani nadhani walifikiri kuna msiba mpya. Tulipochoka nikamuuliza kitu cha kipumbavu. "Vilikuwa vimeiva?"

"Biliiva sana," akasema. "Sikupata hata chumvi."

Tukacheka, na kamasi usoni. Halafu nikala ndagala zake. Zilikuwa zimepoa na amezidisha pilipili kama kawaida yake, na nilikula zote nikiwa nimekaa. Hatujamaliza, usidhani. Kuna maneno nilimwambia mbele ya watu ambayo samaki wa asubuhi moja hawawezi kuyafuta, na alipoondoka sote tulikuwa hatujui tuagane vipi. Alisema tu kwamba Ijumaa, yaani kesho, kabla ya kwenda kufungua meza yake ya vitenge sokoni, anaweza kupita. Nikamjibu, "Utaona mwenyewe." Unanijua.

Nyumba bado ni kubwa, Mama Riziki. Usifikiri barua hii inasema nimepona. Bado nasuuza kikombe kimoja, bado nalala upande wangu wa kitanda kama mtu aliyewekewa mpaka. Nilikuwa na asubuhi tatu katika ua huu, ya mama, ya kwako na ya kwangu, na nimebaki na hii yangu ambayo hata kuipika nilikuwa nawaachia ninyi. Kuna siku nakasirika na wewe kwa kutonifundisha. Halafu nakumbuka kwamba sikuuliza.

Lakini jioni hii nimewasha kuni. Nimetandika majivu ya baridi chini, kama alivyosema Feza, ambaye amefundishwa na wewe bila wewe kujua. Nimeviachanisha, visigusane. Majivu ya moto juu, makaa madogo juu kabisa. Nimeweka mfuniko wa pipa nikaushindilia kwa kiganja, nikaungua kidogo, nikakutukana kidogo. Nimefukia vitano. Vitatu ni vyangu, hivyo nimeshajua ni vyangu na sitavikosa tena. Viwili nimemwekea yeye, na asipokuja nitavila vyote, tumbo litajijua. Chumvi nimeiweka tayari kwenye kisahani.

Lala salama, mke wangu. Nisamehe zile kelele za langoni. Asubuhi itafika tu.

Ni mimi, mumeo uliyemfukilia vitatu,

Baba Riziki